Zana Mpya za Kuundia Programu za Simu na Kipimo cha Mkuyuni

Katika muda wa miaka kumi na ushei zana za kuundia programu za simu zimebadilika kiasi kwamba mtu aliyejifunza kazi hiyo mwaka 2012 na kuirudia leo angelazimika kuanza upya karibu kila kitu: lugha ya kuandikia, namna ya kupanga kurasa za skrini, namna ya kujaribu kazi yake, na hata namna ya kuifikisha kwa mtumiaji. Mabadiliko hayo huelezwa kama hadithi moja ya maendeleo, ilhali ndani yake mna hadithi mbili zisizokwenda sambamba. Yapo maboresho yanayompunguzia kazi mtengenezaji mezani kwake, na haya ndiyo yanayotangazwa kwa mbwembwe kila mwaka. Yapo mengine yanayoipunguzia mzigo simu ya mtumiaji, yaani ukubwa wa faili, kumbukumbu, chaji na bando, na haya hupita kimyakimya, tena mara nyingi huwa yamezimwa hadi mtengenezaji ayawashe mwenyewe. Hoja ya makala hii ni kwamba kwa maeneo kama Mkuyuni, katika mitelemko ya mashariki ya milima ya Uluguru, kundi la pili ndilo lenye uzito, na kwamba programu nyingi zinazokwama vijijini hazikwami kwa sababu zana ni duni, bali kwa sababu uwezo uliomo ndani ya zana hizo haukuguswa.

Mkuyuni imechukuliwa kuwa kipimo kwa sababu za kimaumbile na za kiuchumi. Iko Morogoro Vijijini, kwenye barabara inayotoka mjini Morogoro kupitia Bigwa na Kiroka kuelekea Matombo na Kisaki, upande wa Uluguru unaopokea mvua nyingi za kutoka Bahari ya Hindi, na wakulima wa huko huuza ndizi, nanasi, machungwa na viungo kama karafuu, mdalasini na pilipili manga. Milima yenyewe, ambayo kilele chake kirefu zaidi hupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, imekatwakatwa na mabonde membamba, na mawimbi ya simu za mkononi huzuiwa na ubavu wa mlima kama mwanga unavyozuiwa na ukuta. Kwa hiyo mkulima anaweza kuwa na mtandao mzuri akiwa barabarani, akaupoteza akishuka shambani, kisha akaupata tena anapofika kwenye mgongo wa kilima. Huo ni mtandao wa vipindi, na programu iliyoandikwa kwa kudhani kwamba mtandao ama upo ama haupo haina jibu kwa hali hiyo. Kwa upande wa vifaa, hadi mwaka 2024 takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zilikuwa bado zinaonyesha simu za kawaida, zile ziitwazo vitochi, zikiwa nyingi kuliko simu janja. Na simu janja zilizoko vijijini aghalabu ni za bei nafuu, zenye kumbukumbu ndogo na nafasi ya kuhifadhi iliyokwisha jazwa na picha na video za WhatsApp.

Historia ya zana inaweza kuelezwa kwa kifupi. Mwaka 2013 Google ilitangaza Android Studio, karakana ya kuandikia, kujaribia na kufungashia programu za Android, na toleo lake thabiti la kwanza likatoka Desemba 2014. Mwaka 2017 lugha ya Kotlin ilikubaliwa rasmi kando ya Java, ikapunguza urefu wa msimbo, yaani maandishi ya programu, na pia ikazuia aina fulani ya makosa yanayozimisha programu ghafla pale inapotafuta kitu ambacho hakipo. Desemba 2018 ilitoka Flutter 1.0, ambayo ni kiunzi, maana yake mkusanyiko wa msimbo uliokwisha andikwa ili wengine wajengee juu yake, na ambayo humwezesha mtu kuandika mara moja programu ya Android na ya iPhone na kuona badiliko alilofanya papo hapo bila kuianzisha programu upya. Julai 2021 ikaja Jetpack Compose, inayomruhusu mtengenezaji kueleza ukurasa unavyopaswa kuonekana badala ya kuamuru kila hatua ya kuujenga. Mwaka 2023 Android Studio ikaongezewa msaidizi wa akili mnemba, ambaye mwaka uliofuata alipewa jina la Gemini. Kila moja ya hatua hizi ni maendeleo ya kweli, na si nia ya makala hii kuzibeza.

Hata hivyo, kila hatua ina gharama, na ni muhimu kuuliza nani huilipa. Kurasa za Android za zamani zilijengwa kwa vipande vilivyokuwemo tayari ndani ya mfumo wa simu, kwa hiyo programu haikulazimika kuvibeba. Jetpack Compose, kinyume chake, husafiri ndani ya programu, na Flutter huja na injini yake yenyewe ya kuchorea skrini. Waandaaji wa Flutter wenyewe waliwahi kupima programu ndogo kabisa isiyo na kazi yoyote na kukuta inapakuliwa kwa megabaiti 4 hadi 5, kiasi ambacho peke yake si kikubwa. Tatizo huanza pale ambapo mtengenezaji anatoa amri ya kawaida ya kufungasha faili la kusakinisha, kwa sababu amri hiyo, isipoongezewa maelekezo, huweka ndani ya faili moja nakala za injini kwa ajili ya aina tatu tofauti za vichakato, ilhali simu yoyote itatumia nakala moja tu. Mtumiaji wa Mkuyuni hulipia kwa bando lake nakala mbili ambazo simu yake haiwezi hata kuzifungua, na dawa ya jambo hilo ni kuongeza maneno machache mwishoni mwa amri ili kila aina ya kichakato ipate faili lake.

Mfano ulio wazi zaidi ni R8. Hiki ni chombo kinachopitia programu nzima kabla haijafungashwa, kikifuata nyuzi kuanzia pale programu inapoanzia, ili kujua ni sehemu zipi za msimbo zinazofikiwa na zipi hazifikiwi kamwe. Zisizofikiwa huondolewa, majina marefu hufupishwa, na kilichobaki hupangwa kiende haraka. Programu za siku hizi hutegemea maktaba nyingi za watu wengine, na mara nyingi huazima kutoka maktaba kubwa kazi moja au mbili tu, hivyo faida ya kupogoa huwa kubwa. Tangu mwaka 2019 R8 ndiyo chaguo la kawaida la kupogolea msimbo katika zana za Android. Lakini mtu anapoanzisha mradi mpya katika Android Studio, kiolezo anachopewa huwa na mstari unaosema kwamba upogoaji kwa toleo la kutolewa kwa watumiaji umezimwa. Mantiki ya kuuzima inaeleweka, kwani upogoaji usiosimamiwa vizuri unaweza kukata sehemu inayohitajika na kuvunja programu, na mwanafunzi asingejua afanye nini. Matokeo yake ni kwamba programu ambazo hakuna aliyerudi kuutazama mstari huo hufika sokoni zikiwa na mabaki yote, na Compose hasa huonekana nzito na ya kusuasua bila R8, jambo linalowafanya wengi walaumu zana badala ya kulaumu neno moja katika faili la mipangilio.

Suala la ufikishaji linahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa hapo boresho jema kwa nia linaweza kugongana na desturi za mahali. Mwaka 2018 Google ilitangaza muundo mpya wa ufungashaji, Android App Bundle, na tangu Agosti 2021 programu mpya zote zinazopelekwa katika duka la Play hulazimika kuutumia. Katika muundo huo mtengenezaji hapeleki faili lililo tayari kusakinishwa, bali hupeleka furushi la vipande vyote, na duka ndilo linalomkatia kila mtumiaji vipande vinavyolingana na simu yake: kichakato chake, ukubwa wa skrini yake na lugha yake. Kwa mtu anayenunua bando la siku hii ni nafuu kubwa. Lakini simu nyingi nchini, hata za watu wasiotumia Kiingereza kabisa, huachwa katika lugha ya Kiingereza iliyokuja nazo kutoka dukani, na programu nyingi za Kitanzania huweka kitufe chao wenyewe cha kuchagua Kiswahili. Duka likiona simu iko katika Kiingereza, hupeleka kipande cha Kiingereza tu. Mtumiaji anabonyeza kitufe cha Kiswahili, na maandishi yanabaki vilevile kwa sababu maneno ya Kiswahili hayamo ndani ya simu. Mtengenezaji aliyejaribu kazi yake kwa faili kamili lililotoka kwenye kompyuta yake hawezi kuliona kosa hilo, ingawa linaondoshwa kwa agizo moja linalokataza kugawa lugha. Maandishi ya lugha moja ni madogo mno kulinganisha na picha na injini, hivyo kuyabakiza yote ni hasara isiyohisika.

Desturi ya pili ni ya kurushiana programu. Mahali ambapo bando ni ghali, mtu hupakua programu mara moja na jirani zake huipata kwa Bluetooth, kwa programu ya Xender au kwa kadi ya kumbukumbu, mara nyingi kupitia kwa fundi simu au kijana wa kibanda cha kuchajia. Zamani programu ilikuwa faili moja, na faili hilo lilitosha; sasa, kwa muundo wa mafurushi, kilichomo ndani ya simu ni vipande kadhaa, na anayemrushia mwenzake kipande cha msingi peke yake humpa programu isiyosakinishika au inayojifunga punde inapofunguliwa. Mtengenezaji anayejali wakulima hana budi kutoa pia, mbali na furushi la dukani, faili kamili lililotiwa saini ambalo linaweza kupita mkono kwa mkono. Njia hiyo nayo inaelekea kuwekewa masharti: Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba programu zitakazosakinishwa katika simu za Android zilizoidhinishwa zitapaswa kutoka kwa watengenezaji waliothibitisha utambulisho wao, kuanzia Septemba 2026 katika Brazili, Indonesia, Singapuri na Thailandi, kisha duniani kote kuanzia mwaka 2027. Lengo ni kupunguza ulaghai, na ulaghai wa mitandaoni Tanzania unafahamika vya kutosha. Lakini vikundi vidogo na wanafunzi wanaosambaza programu zao nje ya duka wanapaswa kuanza taratibu za uthibitisho mapema, kuliko kungoja siku ambayo simu za watumiaji wao zitakataa.

Kuhusu mtandao wa vipindi, Morogoro yenyewe ina mfano wa kujifunzia. AfyaData, programu ya kuripoti dalili za magonjwa ya binadamu na wanyama, ilitengenezwa chini ya SACIDS, taasisi ya ufuatiliaji wa magonjwa ambayo makao yake yapo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Watengenezaji wake hawakuanza na ukurasa mtupu. Walijenga juu ya ODK, mfumo huria wa fomu za simu ulioanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ambao msingi wake ni kwamba fomu hujazwa na kuhifadhiwa kwanza ndani ya simu, kisha hutumwa pale mtandao unapopatikana. Uamuzi huo wa awali, wa kuihesabu simu kuwa ghala na seva kuwa mahali pa kupeleka baadaye, ndio unaotenganisha programu inayofaa mlimani na ile inayofaa ukumbini.

Zana za sasa zimeufanya uamuzi huo kuwa rahisi kuliko ilivyokuwa. Room, iliyotangazwa mwaka 2017, ni maktaba inayorahisisha kutumia hifadhidata iliyomo ndani ya simu. WorkManager, ambayo toleo lake thabiti lilitoka mwaka 2019, ni msimamizi wa kazi zinazoweza kusubiri. Ichukuliwe mfano programu ya chama cha wakulima ambamo karani anaandika kilo za karafuu alizopokea kutoka kwa kila mkulima. Katika muundo usiofaa, kitufe cha kuhifadhi hupeleka taarifa moja kwa moja kwenye seva. Mtandao ukikatika katikati, karani huona duara likizunguka, hubonyeza tena, na mwishowe ama mzigo haukuandikwa ama umeandikwa mara mbili. Katika muundo unaofaa, kitufe huandika kwenye hifadhidata ya simu na kumjibu karani papo hapo, kisha WorkManager hupewa kazi yenye sharti la kusubiri mtandao. Msimamizi huyo huandika orodha ya kazi zake mahali pa kudumu, kwa hiyo simu ikizimika kwa kuisha chaji, kazi haipotei. Jaribio likishindwa, hungoja nusu dakika, kisha muda mrefu zaidi, kisha mrefu zaidi tena, ili asimalize chaji kwa kugonga mlango uliofungwa. Kinachobaki ni kuupa kila mzigo namba ya pekee iliyotungwa ndani ya simu, ili hata ukitumwa mara mbili seva iutambue kuwa ni mmoja.

Hata kazi nzito zimeanza kushuka kutoka kwenye seva hadi mkononi. PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, hutambua magonjwa ya muhogo kwa kamera ya simu bila mtandao, na picha zilizotumika kuifundisha mwanzoni zilipigwa katika mashamba ya Tanzania. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ya TensorFlow Lite, iliyotangazwa mwaka 2017, ambayo hubana kielelezo cha akili mnemba hadi kiweze kukaa ndani ya simu ya kawaida. Utafiti wa timu hiyohiyo uliochapishwa mwaka 2019 ulieleza kwa uwazi kwamba usahihi ulishuka programu ilipopelekwa shambani, hasa pale dalili za ugonjwa zilipokuwa hafifu. Ukweli wa namna hiyo ndio unaokosekana katika matangazo mengi ya programu za kilimo, ambazo hutaja usahihi wa maabara na kunyamaza kuhusu shamba.

Dhana potofu ya kwanza katika mjadala huu ni kwamba tatizo litajimaliza lenyewe, kwa kuwa simu zinazidi kuwa bora na minara inaongezeka. Minara inaongezeka kweli. Mwaka 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga 758 vijijini. Lakini mnara humulika mahali unapopaona, na katika milima yenye mikunjo kama Uluguru daima patabaki bonde nyuma ya kilima. Ama kuhusu simu, zana nazo hazikai zikisubiri. Maktaba za msingi za Google zimekwisha acha kuhudumia Android 4.4, na mstari huo unaendelea kusogezwa juu. Simu kuukuu ya leo hurithiwa na mdogo mtu au mzazi shambani, hivyo mstari unaosogezwa mjini kila mwaka humwacha nyuma mtu yuleyule. Mtengenezaji anapopandisha toleo la chini linalohudumiwa, anapaswa kuwa ameangalia takwimu za watumiaji wake mwenyewe, wala asiridhike na wastani wa dunia.

Dhana ya pili ni kwamba akili mnemba imemaliza kazi ya utengenezaji. Wasaidizi hawa ni hodari wa kuandika haraka kile kilichoandikwa mara nyingi na wengine, na kilichoandikwa mara nyingi ni programu inayodhani kwamba seva ipo na inajibu. Wakiombwa ukurasa wa kuorodhesha bei za mazao, watautoa. Wasipoambiwa kuhusu mtandao wa vipindi, simu ya kumbukumbu ndogo na namba ya pekee ya kila mzigo, hawana sababu ya kuyafikiria. Masharti ya Mkuyuni hayana budi kutoka kwa mtu anayeyajua, na hapo ndipo ujuzi wa mtengenezaji wa Kitanzania una thamani ambayo zana haiwezi kuiazima.

Ya tatu ni kudhani kwamba programu ya simu janja ni daraja la juu kuliko huduma ya kubonyeza nyota na reli. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008 kwa menyu ya aina hiyo, na hadi leo mtu mwenye kitochi hutuma pesa kwa *150*00# bila bando wala sasisho. Kwa taarifa fupi kama bei au salio, njia hiyo mara nyingi ndiyo bora. Programu ihifadhiwe kwa kazi zinazohitaji picha, kumbukumbu ndefu au kufanya kazi bila mtandao kabisa.

Tiba ya kwanza ni bajeti iliyoandikwa kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo: ukubwa wa juu wa kupakua, toleo la chini la Android, muda wa kufunguka katika simu ya bei nafuu, na orodha ya kazi zinazopaswa kukamilika bila mtandao. Kasi ipimwe kwa toleo la mwisho lililopogolewa, kwa sababu toleo la majaribio huwa zito kwa asili. Watengenezaji waongeze pia orodha ya sehemu za programu zinazotumika mtu anapofungua kwa mara ya kwanza, ambayo mfumo huitumia kuzitayarisha mapema. Google inakadiria kwamba orodha hiyo huongeza kasi ya uendeshaji kwa takriban asilimia 30 tangu ufunguaji wa kwanza, na zana za sasa huitengeneza zenyewe. Kiigizi cha Android, yaani simu ya bandia ndani ya kompyuta, kinaweza kuagizwa kujifanya kiko kwenye mtandao dhaifu wa GPRS au EDGE, lakini hakiwezi kuiga joto, chaji inayokwisha, wala tabia ya baadhi ya simu ya kuua kazi zinazoendelea nyuma ya skrini. Kwa hiyo simu halisi ya bei ya chini, ikiwezekana iliyokwisha tumika, iwe sehemu ya vifaa vya ofisi. Baada ya kutolewa, duka la Play humwonyesha mtengenezaji programu inavyozimika kwa kila aina ya simu, na linaichukulia asilimia 8 ya watumiaji wa siku katika aina moja ya simu kuwa mpaka wa hatari. Jedwali hilo lisomwe kuanzia simu za chini, kwani wastani wa watumiaji wote huficha maumivu ya wachache.

Kwa vyuo, SUA na Mzumbe viko pande za milima hiihii, na mwanafunzi wa kompyuta anaweza kwenda Kiroka au Mkuyuni na kurudi siku hiyohiyo. Somo la uundaji wa programu za simu linaweza kudai kwamba kazi ya mwisho iendeshwe huko kabla ya kupewa alama. Ni kweli kwamba Android Studio yenyewe inataka kompyuta yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu, na 16 ikitumika pamoja na kiigizi, sharti ambalo wanafunzi wengi hawalimudu. Kujaribia kwenye simu halisi iliyounganishwa kwa waya, licha ya kuwa sahihi zaidi, ni nafuu kwa kompyuta yao pia.

Tiba iliyosahauliwa zaidi iko kwa wanunuzi. Halmashauri, miradi ya wafadhili na vyama vya ushirika huagiza programu kwa hadidu za rejea zinazotaja vipengele na tarehe, na hukagua kazi katika ukumbi wenye intaneti ya kasi kwa simu ya mkandarasi. Mkataba unaweza kutaja megabaiti, toleo la Android na idadi ya siku ambazo programu itafanya kazi bila mtandao pasipo kupoteza taarifa. Unaweza pia kutaka orodha ya maktaba zote za nje na taarifa zinazokusanywa na kila moja, jambo lenye uzito wa kisheria tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023. Malipo ya mwisho yafungwe na ukaguzi utakaofanyika sokoni Mkuyuni na katika bonde moja lisilo na mtandao, kwa simu tatu za bei nafuu zitakazoletwa na wakulima wenyewe, huku mkandarasi akiwa pembeni bila kuzishika.